Sauti ya analojia na sauti ya dijitali katika redio ya ridhaa: mwongozo wa kuchagua na kutumia

Sauti hupelekwa hewani kwa njia mbili. Katika njia ya analojia, mtikisiko wa sauti mbele ya maikrofoni huliyumbisha wimbi la redio moja kwa moja: sauti ikipanda, wimbi hubadilika kwa kadiri hiyohiyo, na ikishuka hushuka nayo. Katika njia ya dijitali, redio kwanza huigeuza sauti kuwa namba, huzibana namba hizo na kuzirusha, kisha redio ya upande wa pili huzisoma na kuijenga sauti upya. Tofauti karibu zote zinazobishaniwa na maopereta hutoka hapo. Katika analojia kinachomfikia msikilizaji ni sauti yenyewe pamoja na uchafu wote iliouokota njiani, na sikio lake ndilo linalochambua. Katika dijitali uchambuzi hufanywa na redio, na msikilizaji hupewa hukumu iliyokwisha kutolewa.

Redio ya ridhaa ni ya watu wenye leseni wanaowasiliana, kujifunza na kufanya majaribio bila malipo wala biashara. Kila kituo kina alama yake ya wito, na herufi za mwanzo huonyesha nchi: 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya, 5X kwa Uganda, 9X kwa Rwanda, 9U kwa Burundi, 9Q kwa Kongo, A4 kwa Oman. Swali la analojia au dijitali huibuka zaidi kwenye mikanda ya mita 2, yaani megahezi 144 hadi 146, na sentimita 70, megahezi 430 hadi 440, kwa sababu huko ndiko redio za mkononi na za gari hufanya kazi. Mawimbi mafupi yana hadithi yake, nayo inafuata baadaye.

Analojia: FM na SSB

FM ndiyo sauti ya kawaida ya redio ya mkononi. Nguvu ya wimbi haibadiliki. Kinachoyumba ni masafa yake, yakipanda na kushuka kidogo kufuata sauti. Mmarekani Edwin Armstrong alipewa hataza za mfumo huu mwaka 1933, na redio ya mkononi ya leo bado inatumia wazo lake bila kuligeuza sana. Redio iliyopangwa kuyumba kilohezi 5 kila upande, ikibeba sauti inayofika kilohezi 3, hujaza takriban kilohezi 16 za hewa. Ikipunguzwa iyumbe kilohezi 2.5, hujaza takriban 11. Ndiyo maana redio nyingi zina chaguo la upana na wembamba, na chaguo hilo husahauliwa mara kwa mara: aliyeacha redio yake kwenye upana husikika kwa mwenye wembamba sauti ikipasuka, na kinyume chake husikika kama anayenong'ona. Kabla ya kulaumu maikrofoni, hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

FM ina tabia mbili za kujua. Wimbi likiwa na nguvu ya kutosha, mkwaruzo hupotea kabisa na sauti hubaki peke yake. Na wawili wakibonyeza kwa pamoja, mwenye wimbi lenye nguvu zaidi humfunika mwenzake kiasi kwamba msikilizaji anaweza asijue kama kulikuwa na mtu wa pili. Wakikaribiana nguvu, zitasikika kelele za kukoroma na vipande vya sauti zote mbili. Marubani duniani kote bado wanazungumza kwa AM, mfumo mkongwe zaidi ya FM, na sababu moja inayotajwa ni hii: kwenye AM, wawili wakigongana husikika mlio mkali, na mwongoza ndege hujua papo hapo kwamba kuna mwingine aliyetaka kusema.

SSB ni ya mawimbi mafupi na ya wanaotafuta umbali kwa nguvu ndogo. Hutupa wimbi mama na nusu ya sauti isiyohitajika, ikabaki na upana wa kilohezi 2.4 hadi 2.7 tu. Redio isipolengwa sawasawa, msemaji husikika kama bata. Lakini SSB haina mahali inapokatikia ghafla. Hufifia taratibu, na opereta mwenye sikio zoefu huendelea kuokota alama ya wito kutoka ndani ya mkwaruzo ambamo mgeni hasikii kitu.

Yanayofanywa na kodeki

Simu ya kawaida ya dijitali huipima sauti mara 8,000 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti 8, jumla biti 64,000 kwa sekunde. Mkondo wa redio wa kilohezi 12.5 hauwezi kubeba mzigo huo. Kwa hiyo redio za dijitali hutumia kodeki, programu ya kubana sauti, inayoshusha mzigo hadi biti 2,400 au 2,450 kwa sekunde, yaani chini ya sehemu moja ya ishirini na tano ya ule wa simu.

Upungufu mkubwa hivyo haupatikani kwa kubana tu. Kodeki haipeleki sauti ya mtu. Hupeleka maelezo ya jinsi ya kuiigiza. Kila milisekunde 20 huandika kwa ufupi: koo linatetemeka au halitetemeki, linatetemeka kwa wimbo gani, na nguvu ya sauti imegawanyika vipi kati ya besi na ukali. Redio ya mpokeaji husoma maelezo hayo na kutengeneza sauti inayofanana. Biti nyingine huongezwa kwa ajili ya kusahihisha makosa ya njiani. Katika D-STAR, mojawapo ya mifumo ya dijitali, kwa mfano, biti 2,400 ni za sauti na 1,200 ni za kusahihisha.

Matokeo ya kwanza ni kwamba watu huanza kufanana. Mzee na kijana wa kiume wenye sauti nzito, wakipita kwenye kodeki moja, si rahisi kuwatofautisha. Matokeo ya pili ni mazito zaidi. Kodeki imefunzwa sauti ya mtu mmoja akizungumza, na haijui la kufanya na injini ya boti, upepo wa juu ya pikipiki, au jenereta inayonguruma nyuma ya msemaji. Hujaribu kuyaeleza yote hayo kana kwamba ni koo la binadamu, na maneno huharibika. Mwaka 2008 NTIA, idara ya serikali ya Marekani inayohusika na mawasiliano, ilichapisha majaribio ya redio za wazimamoto katikati ya kelele za kazi yao. Katika baadhi ya kelele hizo, redio za dijitali zilieleweka vibaya kuliko za analojia. Opereta wa ridhaa anayesemea garini dirisha likiwa wazi yumo katika hali hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Dawa yake ni nyepesi: dirisha hufungwa, maikrofoni hushikwa upana wa vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni, ikielekezwa upande badala ya mbele, na msemaji hazungumzi kwa kupaza. Kupaza sauti kwenye dijitali hakuongezi umbali hata hatua moja. Kunapasua sauti tu kabla haijafika kwenye kodeki.

Pembezoni mwa mawimbi

Waliokuwa na televisheni kabla mitambo ya analojia haijaanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 wanakumbuka chenga: picha mbaya, lakini mchezaji aliyepiga mpira alionekana. Vilipokuja ving'amuzi, chenga zilikwisha. Picha ama ni safi, ama inaganda vipandevipande na kupotea. Redio nayo ni hivyohivyo.

Mfano mzuri ni gari linaloteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, lina redio mbili, moja ya FM na nyingine ya DMR, aina mojawapo ya dijitali, na linazungumza na kituo kilichobaki Lushoto bila msaada wa ripita, yaani mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha upya. Mwanzoni redio zote mbili ni safi. Kona za kwanza zikianza kuweka mlima katikati, FM huanza kuchakarika kwenye silabi za mwisho huku DMR ikibaki tulivu kama studio. Hapa mwenye dijitali hucheka. Kona mbili tatu mbele, FM ina mkwaruzo mtupu na maneno yanayochungulia humo ndani: "...kona ya... daraja... nimekupata nusu." DMR imeanza kugugumia, sauti inageuka ya roboti kwa nusu sekunde, kisha kimya. Kimya hicho hakielezi chochote. Hakuna anayejua kama mwenzake amenyamaza, amezima, au bado anasema kwa nguvu zake zote nyuma ya jabali.

Ni kosa basi kusema kwamba dijitali hufika mbali zaidi, na ni kosa pia kusema inafika karibu. Katika sehemu kubwa ya eneo lililofikiwa na mawimbi, na hasa karibu na ukingo wake, dijitali huwa safi kuliko FM. Ng'ambo ya ukingo huo kuna ukanda mwembamba ambamo sikio zoefu bado lina kazi ya kufanya na kodeki haina.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili upo mtego mwingine, ambao vitabu vya redio vilivyoandikwa kwa lugha nyingine havina sababu ya kuutaja. DMR hurusha sauti kwa mafungu, kila fungu likibeba milisekunde 60 za maneno. Mafungu mawili au matatu yakipotea, silabi nzima imekwenda. Redio ya mpokeaji haionyeshi pengo: hurudia fungu lililotangulia au hunyamaza kidogo, na sentensi inaendelea. Sasa, Kiswahili huweka ukanusho mwanzoni kabisa. "Hatuna maji" ikipoteza silabi ya kwanza ni "tuna maji." "Hawana dawa" ni "wana dawa." "Hapana njia" ni "pana njia." Hizo zote ni sentensi kamili, hakuna msikilizaji atakayezitilia shaka. Kwenye FM mkwaruzo unaofunika "ha-" husikika, na mtu huuliza, "Rudia, una maji au huna?" Kwenye dijitali hana sababu ya kuuliza.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi mwanzoni mwa zamu ya kusema, kwa kuwa redio ya dijitali huhitaji muda mfupi kuamsha ripita na kukubaliwa. Anayebonyeza kitufe na kusema papo hapo hula silabi yake mwenyewe. Desturi njema ni kubonyeza, kusubiri mlio wa ruhusa au kuhesabu moja kimoyomoyo, ndipo kusema. Na jambo lolote la ukanusho lisemwe mara mbili kwa maneno tofauti: "Hatuna maji, maji yamekwisha." Ukanusho unaobebwa na kitenzi kingine hauwezi kupotea kwa silabi moja.

Aina za dijitali

D-STAR ilitangulia. Ilibuniwa Japani chini ya chama cha maopereta wa nchi hiyo, JARL, na kanuni zake zikachapishwa mwaka 2001. Ilitengenezwa kwa ajili ya redio ya ridhaa hasa, na inaonekana: alama ya wito ya opereta husafiri ndani ya kila mawasiliano, na wimbi lake ni jembamba, kama kilohezi 6.25. Kwa miaka mingi Icom ilikuwa karibu peke yake katika kuuza redio zake, kisha Kenwood ikaingia.

DMR ni ya kikazi kwa asili: walinzi, migodi, viwanda. Shirika la viwango la Ulaya, ETSI, lilitoa kanuni zake mwaka 2005, na maopereta wakaichukua kwa sababu redio zake zilikuwa nyingi na bei yake ilishuka. Mkondo mmoja wa kilohezi 12.5 hugawanywa kwa wakati: milisekunde 30 za zamu ya kwanza, 30 za zamu ya pili, kisha tena ya kwanza. Mazungumzo mawili hupita kwenye ripita moja bila kugusana. Faida isiyotajwa sana ni ya betri: redio ya mkononi hurusha nusu tu ya muda ambao kitufe kimebonyezwa.

System Fusion ya Yaesu, iliyotoka mwaka 2013 na kutumia mfumo wa C4FM, ndiyo rahisi kuliko zote kwa anayetoka FM. Redio hutambua yenyewe kama anayesikika ni wa analojia au wa dijitali na kujibu kwa namna ileile. Bei yake ni kufungwa na mtengenezaji mmoja. P25 na NXDN zipo pia, lakini maopereta wanaozitumia hewani ni wachache.

Aina hizi hazisikilizani. Mwenye D-STAR na mwenye DMR waliosimama meza moja, kwenye masafa yaleyale, kila mmoja ni bubu kwa mwenzake. Watalazimika kurudi FM ili wasalimiane. Hilo peke yake linatosha kuwa hoja ya kutoitupa FM. Na karibu zote hutumia kodeki za familia ya AMBE au IMBE, mali ya kampuni moja ya Marekani, Digital Voice Systems. Kwa huduma iliyokua kwa watu kufungua redio na kuchungulia ndani, kuwa na kisanduku kisichofunguliwa katikati ya kila mazungumzo ni jambo linalokera, na ndilo lililozaa M17, mfumo ulioanzishwa Poland mwaka 2019 ambao kanuni na kodeki yake viko wazi kwa yeyote. Redio zinazotoka kiwandani zikiwa na M17 bado ni chache mno kuwa chaguo la kwanza la mgeni.

Kuandaa redio ya DMR

Redio ya FM huwashwa na kuandaliwa kwa dakika tano: masafa, tofauti ya kupokea na kurusha kama kuna ripita, na toni ndogo ya kufungulia ripita, kwa mfano ya hezi 88.5. Redio ya DMR huhitaji faili la mipangilio linaloandikwa kwenye kompyuta, na wengi hukata tamaa hapo.

Kwanza ni namba ya utambulisho. Mwenye leseni huomba namba ya tarakimu saba, ambayo tatu za mwanzo ni zilezile zinazotambulisha nchi kwenye mitandao ya simu: 640 kwa Tanzania, 639 kwa Kenya, 641 kwa Uganda. Namba huombwa kwa nakala ya leseni na haiuzwi.

Kisha kila mkondo hupewa masafa, namba ya rangi kati ya 0 na 15, zamu ya kwanza au ya pili, na kundi la mazungumzo. Namba ya rangi hufanya kazi inayofanana na toni ya FM: ikikosewa, ripita hainyanyui hata kichwa. Kundi ni kama chumba. Anayezungumza kundi la 91 kwenye mtandao wa BrandMeister yumo katika chumba cha dunia nzima, na hapo ni adabu kuita, kuitikiwa, kisha kuhamia chumba kingine.

Hitilafu moja huwapata karibu wote wanaoanza. Taa ya kijani inawaka, jina la msemaji huenda hata linaonekana, lakini spika kimya. Redio si mbovu. Inapokea, ila kundi linalozungumza halimo kwenye orodha ya makundi ambayo mkondo huo umeruhusiwa kusikiliza, kwa hiyo imenyamaza kwa utii. Kundi huongezwa kwenye orodha ya kupokea, au hali ya kusikiliza yote huwashwa, na sauti hutoka. Hali hiyo iwe imewashwa tangu siku ya kwanza. Mgeni ataelewa mengi zaidi kwa kusikia yasiyomhusu kuliko kwa kukaa kwenye kimya kilichopangwa vizuri.

Hotispoti, umeme na bando

Pale ambapo hakuna ripita ya dijitali karibu, na katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki hali ni hiyo, dijitali huingia nyumbani kupitia hotispoti: kikompyuta kama Raspberry Pi chenye kibao kidogo cha redio, kinachorusha nguvu ya miliwati 10 hivi, na kuunganishwa na intaneti. Redio ya mkononi huzungumza na kisanduku hicho kilicho rafuni, nacho hupeleka sauti duniani.

Watu huogopa bando bila sababu. Mkondo wa DMR ni mdogo sana. Saa nzima ya mazungumzo hula megabaiti 5 au 6. Kinachosumbua ni mtandao wa kuchelewa na kukatika, na umeme. Mafungu ya sauti yakifika kwa kuchelewachelewa, sauti huvunjika kama vile antena ni mbovu, na mtu huweza kuhangaika na antena juma zima wakati tatizo ni laini ya simu. Namna ya kutofautisha: hotispoti huonyesha asilimia ya biti zilizokosewa kati yake na redio ya mkononi. Ikiwa chini ya 1 na bado sauti inavunjika, tatizo liko upande wa intaneti. Ikizidi hapo kwa kudumu, masafa ya kibao huenda yamehama kwa hezi mia kadhaa, jambo la kawaida kwa vibao vya bei nafuu, na husahihishwa kwenye mipangilio kwa kupandisha au kushusha kidogokidogo. Redio ya mkononi iwekwe kwenye nguvu ndogo na isikae ubavuni mwa kisanduku, maana itakiziba masikio. Masafa yachaguliwe nje ya yale ya setilaiti: 145.8 hadi 146 na 435 hadi 438.

Kwenye mtandao, sauti huchelewa, wakati mwingine kwa sekunde nzima. Kwa hiyo baada ya mwenzake kuachia kitufe, opereta huvuta pumzi moja kabla ya kubonyeza, ili anayetaka kujiunga apate nafasi. Na ile desturi ya kupeana "5 na 9", alama ya sauti inayoeleweka na wimbi lenye nguvu, haina maana hapa: anayempa 59 mtu aliyefika kwa intaneti anasifia bando lake.

Wapo wanaosema kuzungumza na Kanada kupitia hotispoti si redio. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Wimbi la redio limesafiri mita tano tu, na opereta hatajifunza antena wala tabia ya anga kwa njia hiyo. Lakini mwenye 5H aliye peke yake wilayani anaweza kukaa mwaka mzima bila kusikia FM ya mtu mwingine hata mara moja, na hotispoti humpa wenzake wa kuuliza. Iwe mlango wa kuingilia basi, mradi nyuma yake kuwe na antena halisi.

Mawimbi mafupi na setilaiti

Kwenye mawimbi mafupi SSB bado inatawala, na si kwa mazoea tu. Anga hulirudisha wimbi kwa njia kadhaa kwa pamoja, likapotea na kurejea kila sekunde chache, hali inayoipa dijitali taabu. Kati ya mifumo ya dijitali, FreeDV ndiyo iliyothubutu zaidi. Hutumia Codec 2, kodeki ya wazi iliyoandikwa na Mwaustralia David Rowe, ambayo katika hali yake ya 700D hubeba sauti kwa biti 700 tu kwa sekunde, ndani ya upana usiofika nusu ya ule wa SSB, na husikika hata mkwaruzo ukizidi wimbi kidogo. Sauti yake, kwa kweli, ni ya kuvumiliwa kuliko kufurahiwa. Toleo jipya zaidi liitwalo RADE, linalotumia akili mnemba badala ya kodeki ya kawaida na lililoanza kujaribiwa hewani mwaka 2024, lina sauti ya kupendeza kuliko SSB, lakini huhitaji kompyuta kati ya redio na spika.

Afrika Mashariki ina bahati ya QO-100, mtambo wa redio ya ridhaa uliobebwa na setilaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018 na kufunguliwa kwa maopereta Februari 2019. Imesimama kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, longitudo ya karibu nyuzi 26 mashariki. Kwa aliye Nairobi au Mwanza sahani hutazama karibu na utosi. Huko juu FM hairuhusiwi kwenye sehemu nyembamba ya setilaiti, kwa sababu hula nafasi; sauti hupita kwa SSB, isiyozidi kilohezi 2.7. Anayepanga kuitumia asinunue redio ya DMR kwa lengo hilo.

Sheria mbili za kukumbuka

Leseni hutolewa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda, na masharti yake ndiyo yanayotangulia ushauri wowote. Kwa dijitali, mambo mawili husahauliwa. Redio nyingi za DMR zina uwezo wa kufunga mazungumzo kwa siri, kwa kuwa zilitengenezwa kwa walinzi. Kanuni za kimataifa za redio hukataza mawasiliano ya ridhaa kati ya nchi na nchi kufichwa maana yake, kwa hiyo uwezo huo uzimwe. Pili, namba ya utambulisho inayosafiri kimyakimya na sauti haichukui nafasi ya alama ya wito. Alama hutamkwa kwa mdomo, mwanzoni na mwishoni, kwa sababu anayesikiliza kwa redio nyingine huenda asiione namba hiyo kabisa.

Kununua na kujaribu

Redio ya kwanza iwe na FM, hata kama mnunuzi amekwisha kuamua kwenda dijitali. Takriban redio zote za DMR na za C4FM zina FM ndani yake, kwa hiyo uamuzi halisi si FM au dijitali bali ni dijitali ipi ya kuongeza, na jibu la hilo halipatikani kwenye tangazo la duka. Linatoka kwa wenzake watatu wanne ambao mtu atazungumza nao: wakiwa na DMR, ni DMR. Kwa anayefikiria maafa, mafuriko au kukatika kwa minara, FM ya redio kwa redio kwenye megahezi 145.500 inabaki kuwa ya kwanza, kwa sababu haidai faili, namba ya rangi wala intaneti, na redio ya yeyote itaipokea. Dijitali ya redio kwa redio inawezekana pia. Mpango wa mikanda wa Kanda ya 1, inayojumuisha Afrika, umetenga 145.375 na 433.450 kwa kuitana kwa sauti ya dijitali.

Fedha inayobaki baada ya redio iende kwenye antena. Antena fupi inayokuja na redio ya mkononi huudhi mifumo yote miwili sawasawa, ila kwenye FM kosa lake husikika kama mkwaruzo na kwenye dijitali huonekana kama redio mbovu.

Jaribio la kulinganisha huhitaji watu wawili, redio zinazoweza kufanya yote mawili, na saa moja. Mmoja hukaa nyumbani kwa kalamu na karatasi. Mwingine hutembea kwenda mbali, akisimama kila baada ya mita mia mbili au tatu na kujaribu mifumo yote miwili mahali palepale, kwa antena ileile na nguvu ileile ya chini kabisa. Kila anaposimama husoma, kwanza kwa FM kisha kwa dijitali, namba kumi za tarakimu mbili zisizofuatana na sentensi tano, tatu kati ya hizo zikiwa za ukanusho wa "hatuna", "hawana" na "hapana." Aliye nyumbani huandika alichosikia bila kukisia na bila kuomba kurudiwa. Karatasi zikilinganishwa baadaye, huonekana wazi mahali FM ilipoanza kuandikwa kwa mashimo, mahali dijitali ilipokatika, na kama kuna "hatuna" iliyoandikwa "tuna" kwa mwandiko usio na wasiwasi.